Kanuni ya bunduki imefutwa, mume wangu ameagiza kitako. Nifanyeje?

Bi Mshauri, shikamoo.

Ninaandika watoto wakiwa wamelala na baba yao yuko zamu ya usiku. Tuko Fort Worth, Texas, huu ni mwaka wa kumi. Mimi kwetu Handeni, yeye Morogoro. Mtoto mkubwa ana miaka 11, mdogo 6. Mimi na mume wangu bado tunatumia kadi ya ukaazi wa kudumu, hii ambayo sote huku tunaiita grinikadi. Yeye ameshatuma fomu ya kuomba uraia, alama za vidole ameshachukuliwa, tunangoja barua ya mahojiano.

Nikueleze tulikotoka ili usimwone mume wangu mtu wa ajabu. Mwaka 2020 alikuwa muuzaji wa usiku kwenye kituo cha mafuta. Waliingia vijana wawili, mmoja akamwekea bastola shingoni huku mwenzake akikomba droo ya pesa. Hawakumuumiza, lakini aliporudi alfajiri alikaa ndani ya gari nje ya nyumba karibu saa nzima ndipo akaingia. Tangu hapo akawa anasema lazima tuwe na kitu ndani. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye gobore. Marehemu baba alikuwa nalo la kufukuzia ngiri shambani, kibali chake kikitunzwa kwenye kopo la maziwa, na kijiji kizima kilijua linalala wapi. Kwa hiyo sikubisha.

Alianza na bastola ndogo ya kawaida. Mwaka 2021 akanunua hii ya pili, ambayo ukiiona utadhani ni bunduki ya askari, ila mtutu wake ni mfupi, inchi kumi na nusu, na nyuma ina kile kibano cha kufunga kwenye mkono wanachokiita breisi. Dukani walimwambia kisheria hiyo ni bastola. Akajaza fomu, jina likakaguliwa, akaondoka nayo. Rafiki yake wa kazini, mzee mmoja aliyepigana Iraq na mkono wake wa kushoto hauna nguvu, anayo kama hiyo, na ndiye aliyemfundisha kuitumia.

Mwanzoni mwa 2023 ikatoka habari kwamba serikali ya shirikisho imebadili msimamo: mwenye breisi aisajili bunduki kabla ya Mei 31, au aing'oe, au aikabidhi, la sivyo ni mhalifu. Mume wangu hakulala. Alikuwa tayari kuisajili, lakini yule mzee akamwambia ajiunge na chama kimojawapo kati ya vile vilivyoishtaki serikali, kwa kuwa mahakama ilikuwa imewakinga wanachama. Akajiunga. Na kuanzia hapo, Bi Mshauri, nyumba yangu ikawa ofisi ya wakili. Tukila, hukumu inasomwa. Kila mwezi dola 30 zinakwenda kwenye chama, hata mwezi ule tulioshindwa kutuma ada ya mdogo wangu. Jaji alipoifuta kanuni, alilia machozi mbele ya watoto. Anasema kwa mara ya kwanza toka afike nchi hii amepigania jambo na akashinda.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka huu ulipoanza, rafiki yake alimwambia kila kitu kimekwisha: kodi ya dola 200 imefika sifuri, Texas nayo imefuta kosa lake, serikali imeacha kukata rufaa. Basi mume wangu akaagiza kitako kamili, kile cha kuegemeza begani, atoe breisi akifunge hicho. Kifurushi kilifika Jumanne yeye akiwa kazini. Nimekifungua. Ni plastiki nyeusi, mwisho wake una mpira wa kukaa begani, na karatasi ya maelekezo yenye picha za bisibisi. Sijui kilichonipata; nilikirudisha kwenye boksi nikakificha nyuma ya gunia la mchele. Ameniuliza mara mbili kama kimefika. Nimesema hakijafika. Miaka 13 ya ndoa, sijawahi kumdanganya hivyo.

Naomba uniambie: ni kweli hakuna sheria tena? Kitako hiki kinaweza kugusa uraia wake? Nikitupe kwenye pipa? Kuna dada mmoja hapa ananiambia nipige simu kwa serikali kimyakimya kabla hajakifunga. Na je, nikimpinga nitakuwa nimeungana na watu anaosema wanataka kuwanyang'anya watu haki zao? Yeye na mdogo wake, anayesoma chuo hapa na huja kwetu kila wikendi, wanapanga kwenda kuijaribu uwanja wa shabaha Jumamosi ijayo.

Ni mimi,
Mama wa Wawili, Fort Worth

*

Marahaba, mwanangu.

Usipige simu. Usitupe kitu kwenye pipa. Kwa ulivyoniandikia, kitako bado kiko kwenye boksi na bunduki iko kama ilivyonunuliwa, kwa hiyo bado mna nafasi ya kumaliza jambo hili ndani ya nyumba yenu. Jumamosi ndiyo inayonitia hofu, nami nitaifikia.

Lakini kwanza nimtendee haki mumeo, kwa sababu mengi anayoyasema ni ya kweli. Ukienda kumkabili huku ukidhani yote ni maneno ya kijiweni, atakushinda kwa hoja dakika ya kwanza.

Breisi ilianza mwaka 2012. Aliyeibuni anaitwa Alex Bosco, na aliitengeneza kwa ajili ya rafiki yake, askari mstaafu mlemavu, ili aweze kuidhibiti bastola nzito kwa mkono mmoja. Aliipeleka ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, nayo ikamjibu kwa maandishi kwamba kifaa hicho hakiigeuzi bastola kuwa bunduki ya begani. Watu wakanunua kwa mamilioni. Mwaka 2015 idara ileile ikasema ukiiegemeza begani umeunda bunduki nyingine. Mwaka 2017 ikalegeza. Desemba 2020 ikatoa mwongozo mpya, na baada ya siku chache ikauondoa. Halafu Machi 2021 mtu mmoja aliua watu 10 kwenye duka la vyakula la Boulder, Colorado, kwa silaha ya aina hiyo. Rais Biden akaagiza ipatikane kanuni. Rasimu ilitoka Juni mwaka huo, ikiwa na karatasi ya alama: urefu huu alama kadhaa, uzito huu alama kadhaa. Wananchi walituma maoni zaidi ya 237,000. Kanuni yenyewe ilipotoka Januari 2023 ile karatasi ya alama haikuwemo. Badala yake kulikuwa na orodha ya mambo ya kuangalia ambayo mtu wa kawaida asingeweza kujipimia mwenyewe nyumbani akajua yuko upande gani.

Mimi siipendi silaha ile, na siku ya Boulder nililia kama walivyolia wengi. Hata hivyo nakwambia kwa moyo wangu wote kwamba serikali haipaswi kumwambia mtu miaka kumi "nunua, ni halali", kisha imwamshe siku moja na kumwambia anaweza kufungwa miaka kumi kwa kitu alichonunua kwa fomu na risiti. Mumeo alipokosa usingizi hakuwa amechanganyikiwa. Makadirio ya serikali yenyewe yalikuwa breisi milioni 3, na wengine walikadiria zaidi sana. Siku ya mwisho ilipofika, waliojisajili walikuwa kama robo milioni. Hebu fikiria waliobaki walikuwa wanaishije wiki ile.

Upinzani ulikuja kutoka pande zote. Majimbo 25 yalishtaki. Bungeni, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kuifuta kanuni Juni 13, 2023, kura 219 kwa 210, lakini siku tisa baadaye Seneti ikalikwamisha azimio hilo, 49 kwa 50. Kwa hiyo Bunge halikuifuta. Mahakama ndizo zilizofanya kazi hiyo. Mei 2023 Mahakama ya Rufani inayokaa New Orleans iliwakinga walalamikaji, na hapo ndipo ule uanachama wa mumeo ulipopata maana. Agosti ikasema kanuni ilionekana kukiuka taratibu, kwa sababu wananchi waliombwa maoni juu ya kitu kimoja wakaletewa kingine. Novemba jaji mwingine wa Texas akaisimamisha nchi nzima. Na Juni 13, 2024, jaji Reed O'Connor, hapohapo Fort Worth mnapoishi, akaifuta kabisa. Serikali ilikata rufaa, kisha chini ya Rais Trump, mwaka 2025, ikaachana nayo. Kumbe chozi la mumeo lilikuwa na sababu. Kesi ilikuwa ya mjini kwake, na yeye alikuwa ndani yake.

Siku moja tu baada ya hukumu hiyo, Mahakama ya Juu ikatoa nyingine, nina hakika nayo mliisoma mezani. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, serikali ya Trump ya awamu ya kwanza ilipiga marufuku kile kitako kinachotumia msukumo wa bunduki yenyewe ili risasi zitoke mfululizo, ikisema kinaigeuza bunduki kuwa bombomu. Mwenye duka la silaha wa Austin, Michael Cargill, alikabidhi vyake viwili, kisha akashtaki. Akashinda kwa majaji 6 dhidi ya 3. Majaji walibishana juu ya triga: ikifyatuka mara moja zinatoka risasi ngapi? Wengi wao wakasema sheria ya Bunge inazungumzia mfyatuko mmoja wa triga, na idara haina mamlaka ya kuinyoosha ifike isikofika. Jaji Alito akaongeza kwamba Bunge likitaka kukizuia kifaa hicho, njia iko wazi, litunge sheria.

Hapo, mwanangu, ndipo mumeo alipopitiliza. Kesi zote hizi zilikuwa zinauliza nani anaruhusiwa kuandika sheria, na kwa utaratibu gani. Jaji O'Connor hakusema kila mtu ana haki ya kuwa na bunduki ya begani yenye mtutu mfupi bila kusajili. Alisema kanuni ya ATF haikupitishwa ipasavyo na haikuelezwa ipasavyo. Kanuni ilipoondoka, kilichobaki chini yake ni sheria yenyewe ya Bunge ya mwaka 1934, na hiyo haikuguswa hata nukta. Sheria hiyo inasema bunduki iliyotengenezwa ili ipigwe kutoka begani, na mtutu wake uko chini ya inchi 16, lazima isajiliwe kabla hujaiunda. Ya mumeo ni inchi kumi na nusu. Ubishi wote wa miaka ile ulikuwa kama breisi inaifanya bunduki kuwa ya begani. Juu ya kitako kamili hakuna aliyewahi kubishana! Kitako kimetengenezwa kwa ajili ya bega, ndiyo maana kina ule mpira uliouona. Akikikaza kwenye mtutu ule, ametoka kwenye jambo alilolipigania akashinda, ameingia kwenye jambo ambalo hakuna mahakama iliyompa.

Rafiki yake hakutunga. Ni kweli kodi ya dola 200, iliyokuwapo tangu 1934, imefika sifuri kwa bunduki za mtutu mfupi kuanzia Januari 1, 2026, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025. Ni kweli Texas, tangu Septemba 2025, imeziondoa bunduki hizo kwenye orodha yake ya silaha zilizokatazwa. Lakini kilichofika sifuri ni kodi. Fomu ipo palepale, picha ipo, alama za vidole zipo, na idhini lazima ije kabla ya bisibisi. Kwa jimbo, Texas imejitoa, shirikisho halijajitoa. Wapo waliofungua kesi mpya wakisema kodi ikishafika sifuri usajili nao hauna mguu wa kusimamia, na huenda mumeo anazifuatilia. Azifuatilie. Lakini kesi iliyofunguliwa si kesi iliyoamuliwa, na asidhani kila kanuni ikipelekwa mahakamani huanguka: Machi 2025 Mahakama ya Juu hiyohiyo iliikubali kanuni ya vifurushi vya bunduki za kujiundia nyumbani, majaji 7 kwa 2.

Sasa nikuombe usome aya hii mara mbili, na umsomee.

Yule mzee aliyepigana Iraq ni raia. Akikosea, anaweza kufungwa, na ni jambo zito. Ninyi bado. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni akitiwa hatiani wakati wowote baada ya kuingia nchini, kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha ya moto, kipande chake au kifaa chake kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Kipande au kifaa. Maneno hayo yameandikwa humo. Na kosa la kuwa na bunduki isiyosajiliwa chini ya ile sheria ya 1934 limetajwa kwa namba ya kifungu chake kwenye orodha ya jinai nzito za uhamiaji, orodha moja na mauaji. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la orodha hiyo, mlango wa uraia umefungwa maisha, na njia nyingi za kuomba huruma ya jaji wa uhamiaji zimefungwa pamoja nao. Miaka mingi ya kuishi hapa haimkingi mtu. Katika kesi ya Padilla iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2010, mhusika alikuwa na ukaazi wa kudumu zaidi ya miaka 40 na alipigana Vietnam chini ya bendera ya Marekani, na bado shtaka moja la kusafirisha bangi lilimweka kwenye hatari ya kuondolewa.

Nimefanya ukalimani kwenye vyumba vya mahakama za uhamiaji. Kuna asubuhi moja nilimtafsiria baba wa makamo, mikono yake ikiwa na mafuta ya gereji mpaka kwenye kucha, na neno lililomshinda kulielewa lilikuwa hilohilo, kifaa. Aliniuliza kwa Kiswahili, akininong'oneza, "Dada, si kipande tu?" Sikuruhusiwa kumjibu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

Hata bila kukamatwa kuna mahojiano. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo, na ofisa atalirudia swali hilo mumeo akiwa ameapa. Leo anaweza kujibu kwa moyo mweupe. Akishakaza skrubu zile atakuwa na majibu mawili tu, na yote mawili ni mabaya: akiri kosa la shirikisho mbele ya ofisa, au aseme uongo chini ya kiapo. Kwa nini ajiwekee mtego huo wiki chache kabla ya barua kufika?

Na boksi lisiendelee kukaa nyuma ya mchele. Kwa ulivyoandika, hana bunduki nyingine ndefu. Mwaka 1992, katika kesi ya kampuni ya Thompson/Center Arms, Mahakama ya Juu ililazimika kuamua kama vipande vilivyokaa pamoja kwenye boksi bila kuunganishwa vinaweza kuhesabiwa kuwa bunduki iliyoundwa. Kampuni ilishinda, na sababu kubwa ni kwamba vipande vyake viliweza pia kuunganishwa vikawa bunduki ndefu halali. Mumeo hana mtutu wa inchi 16 wa kujitetea nao. Kirudisheni kitako kilikotoka, mtunze risiti.

Ningependa umwambie ukweli leo hii, kabla hajauliza mara ya tatu. Usianze na sheria. Anza na gunia la mchele: "Baba Fulani, kilifika Jumanne, nilikificha, niliogopa." Mwache akasirike, ana haki ya kukasirika. Kisha mwambie ulichoogopa ni nini, mpe hiyo aya umwachie aisome mwenyewe, kwa sababu mtu aliyesoma hukumu miaka mitatu mezani hatashindwa kusoma kifungu kimoja cha uhamiaji. Wala hutakuwa umeungana na mtu yeyote dhidi yake. Anaweza kuwa mwanachama, anaweza kutuma dola zake 30 (ingawa ada ya mdogo wako nayo ni ahadi, na hiyo mpange upya kwa kalamu na karatasi), anaweza kuandamana Austin akibeba bango. Hayo yote mkaazi wa kudumu anaruhusiwa. Kitako kamili pia anaweza kukiomba kwa njia ya halali siku moja, kwa fomu, picha na vidole, akiwa mkaazi au akiwa raia. Ningekuwa dada yake ningemwomba asubiri kiapo cha uraia kwanza.

Kabla ya mahojiano, mwende kwa wakili wa uhamiaji anayejua pia upande wa jinai. Wapo mawakili wazuri wa silaha Texas ambao hawajui chochote kuhusu uhamiaji, na wapo wa uhamiaji ambao hawajawahi kusikia neno breisi. Uliza mapema kwenye simu. Mwelezeni kila kitu tangu 2021, pamoja na kwamba hakusajili ile 2023 na kwamba alikuwa mwanachama wa chama kilichokingwa. Chukueni kadi ya uanachama yenye tarehe, risiti ya bunduki, risiti ya kitako na ya kukirudisha.

Sasa Jumamosi. Umeliandika mwishoni kama jambo la kupita, lakini mimi lilinishtua kuliko kitako. Shemeji yako anasoma chuo, kwa hiyo nadhani yuko kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu wa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kuwa na silaha ya moto au risasi, na kuishika uwanja wa shabaha kunahesabika kuwa nayo, iwe na breisi au isiwe nayo. Ipo misamaha michache, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya hapa Marekani, lakini hilo si jambo la kubahatisha kwa maneno ya rafiki. Asiende. Kama alishakwenda wikendi zilizopita, msimwandikie wala msitumiane picha kulizungumzia. Mwambieni ana kwa ana, naye amwone wakili wake mwenyewe.

Halafu kuna kitu hukuniambia: hizo silaha mbili zinalala wapi? Umenieleza la marehemu baba lilikuwa wapi, la mumeo hukusema. Texas ina kosa la kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na wenu ana 6, umri wa kupanda kila kabati. Kama jibu ni juu ya kabati la nguo, basi pesa zitakazorudi za kitako zinunue kasha la chuma lenye kufuli, na wewe ujue namba zake. Niandikie ukishafika hapo.